Mbwa wa marehemu: namna ya kukaa naye baada ya msiba

Majamvi yakishakunjwa na masufuria ya kuazima yakarudi kwa wenyewe, nyumba ya mfiwa huingia kimya ambacho siku za msiba hazikuwa nacho. Kwetu, Kusini Unguja, ndani ya kimya hicho ndipo tulipomkumbuka Sijali, mbwa wa baba. Siku zote tatu za matanga alikuwa amelala chini ya mwembe ulioko kwenye njia ya maweni, kidevu juu ya miguu ya mbele, akiitazama njia ambayo baba alikuwa akirejea nayo.

Baba alikuwa msasi. Akitoka na wenzake kuwinda nguruwe mwitu wanaoingia kwenye mihogo na viazi usiku, na Sijali akitangulia. Kazi hiyo kwetu ni ya zamani, na ndiyo sababu hata katika vijiji ambavyo watu hawapendi kuguswa na mbwa, mbwa wapo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeachiwa mbwa na marehemu na hajui amfanyeje. Mbwa huyo huyo anaweza kumsaidia mfiwa asimame tena, ikiwa mambo yatapangwa sawasawa. Mengine tuliyafanya vizuri, mengine tuliyakosea, na yaliyotushinda tuliwauliza daktari wa mifugo na sheikh.

Hatua ya kwanza: msiba ukiwa mbichi, usiamue lolote

Dada yangu, kwa uchungu wala si kwa ubaya, alisema mbwa apelekwe msituni akaachwe. Kila akimwona alikuwa analia. Ami yetu akamjibu, "Mwanangu, mbwa aliyeinukia mkononi mwa mtu hajui kuishi msituni. Atarudi, au atakufa akitafuta njia ya kurudi. Mwacheni kwanza tumalize." Ikawa hivyo, na dada mwenyewe baadaye alishukuru.

Mteue mtu mmoja, mmoja tu, awe na dhamana ya mbwa kwa siku hizo. Kijana aliyezoeana naye ndiye anayefaa. Wakishughulika watu kumi, kila mmoja ataamini mwenzake ameshampa maji. Nyumba ikijaa wageni, mbwa afungwe nyuma, kivulini, kwa kamba inayomwezesha kulala na kugeuka. Wageni wa msiba hawamjui, watoto watamrushia mawe, na mbwa aliyechanganyikiwa anaweza kumng'ata mtu ambaye siku nyengine angemkimbia.

Makombo ya hitma asipewe. Pilau ina vitunguu maji na vitunguu thomu, na vyote viwili ni sumu kwa mbwa, huharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vikamchoma tumboni. Mpe ukoko uliolowekwa, wali mweupe, dagaa waliochemshwa bila chumvi, au minofu ya samaki iliyotolewa miiba. Walio karibu na pwani wamchunge na bunju wanaotupwa ufukweni, maana bunju mmoja anatosha kumuua.

Usishangae akikataa kula. Mbwa akimkosa mtu wake humtafuta, hulala mno, huenda mlangoni kila akisikia hatua, na chakula hukinusa akakiacha. Zikipita siku mbili hajatia kitu mdomoni, mwite daktari wa mifugo. Sisi tulimtandikia shati la shamba la baba, lile lisilofuliwa, na usiku ule alilala juu yake. (Waulize warithi kwanza. Hata shati lililochanika ni mali ya mirathi mpaka wenyewe waseme basi.)

Hatua ya pili: tulizana na dini yako kabla ya kumzoea

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, na si pahala pa kuparuka. Mfiwa anayemlisha mbwa huku moyo ukimwambia anakosea hatapata faraja yoyote kwa mbwa huyo. Atapata mzigo wa pili.

Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda shamba. Kwa hivyo mbwa wa msasi, au wa mwenye konde la muhogo linaloliwa na nguruwe na kima, ana pahala pake. Ukimrithi, mrithi na kazi yake. Asigeuke pambo la kibaraza, aendelee kulinda shamba. Na kama warithi wanafikiri kumuuza wagawane, wajue kwamba bei ya mbwa imekatazwa katika hadithi, na madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Visiwani, hayaikubali biashara hiyo. Kaeni mkubaliane nani anamchukua.

Twahara ina mpango wake. Kwa Shafi, mbwa ni najisi nzito, lakini najisi huhama kwa unyevu. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna cha kuosha. Mate yake au mwili wake uliorowa ukikugusa, paosheni mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Wamaliki wana kauli nyengine, nyepesi zaidi, ila usichague kauli kwa sababu ya uvivu. Muulize sheikh wako.

Kiutendaji tulifanya hivi. Kibanda cha makuti tulikiweka nyuma ya nyumba, mbali na kisima na mbali na pahala pa kusalia. Chombo chake cha chakula na cha maji ni chake peke yake, na hakiingii jikoni. Karibu na bomba pana kopo la udongo mkavu uliochekechwa, ili mtu asihangaike kuutafuta. Aendaye kwa mbwa huvaa nguo ya shamba, akirudi huivua nje. Mambo haya ukiyapanga mara moja, wiki ya pili huyafikirii tena.

Jambo moja ulikumbuke unapomtilia maji. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Masahaba wakauliza, hivi hata kwa wanyama tunapata ujira? Akasema, kwa kila chenye ini bichi mna ujira. Mama yangu alikuwa akiijua hadithi hii toka chuoni. Hakuwahi kuihusisha na mbwa wa nyumbani kwake.

Hatua ya tatu: chanjo

Hii ni fupi na haina mjadala. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Kama hujui marehemu alimchanja lini, hesabu kwamba hakuchanjwa. Mwone daktari wa mifugo wa wilaya, au muulize sheha lini wanakuja kuchanja kwenye shehia yenu. Papo hapo apewe dawa ya minyoo na ya kupe. Mvishe ukosi ajulikane kuwa ana mwenyewe, maana mbwa asiye na ukosi huhesabiwa koko.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo afike spitali kuanza sindano. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa. Na ujihadhari na jambo hili: mbwa mwenye huzuni hujitenga na huacha kula, na mbwa anayeanza kichaa naye anaweza kuanza vivyo hivyo. Ukiona udenda unamtoka, sauti imebadilika, anayumba au anashambulia vitu ovyo, usimkaribie, mwite daktari.

Hatua ya nne: mpe saa, naye atakupa saa

Kama utaifuata hatua moja tu katika zote hizi, ifuate hii.

Msiba huua saa. Mtu huamka hajui leo Jumanne au Alhamisi, hula pale anapolazimishwa, hulala mchana na usiku akakesha. Jirani anaweza kukuambia "jikaze", ukamwitikia na ukabaki kitandani. Mbwa haambii mtu ajikaze. Saa kumi na mbili asubuhi anakuna mlango wa nyuma kwa sababu ana njaa, na huwezi kujadiliana naye.

Chagua nyakati mbili za siku, uzifunge na sala ili zisipotee: baada ya alfajiri na baada ya alasiri. Asubuhi ni chakula kidogo na matembezi, jioni ni matembezi na chakula kikubwa. Adhuhuri asitoke, mchanga na lami huunguza nyayo. Wiki ya kwanza nenda dakika kumi tu, mpaka kwenye mwembe na kurudi. Usijipe nadhiri kubwa. Mtu mwenye huzuni akivunja ahadi aliyojiwekea huona amekosa tena, na hilo si unalolihitaji.

Wiki ya tatu fika shambani. Mimi nilimfuata Sijali, maana njia za baba alizijua yeye kuliko mimi niliyekaa mjini miaka kumi na mbili. Alinipitisha kwenye mawe ambayo sikujua kama yanapitika. Alisimama pahala penye kivuli cha mkwaju, akakaa, akanitazama. Sikuelewa. Siku ya tatu niliona chini ya mkwaju ule maganda makavu ya machungwa na kibiriti kilichorowa. Hapo ndipo baba alipokuwa akipumzikia. Nikakaa. Sikulia msibani, mbele za watu, lakini pale nililia mpaka kanzu ikarowa kifuani, na mbwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu akichunga nguruwe ambao hawakuwapo.

Kwa hivyo usiogope kupita njia za marehemu. Mwenye kuziogopa mno aanze na njia nyengine, aje nazo polepole. Na tangulia kuwasalimu watu. Kabla ya hapo, kila aliyekutana nami aliniambia "poleni", nikajibu "tumeshapoa", mazungumzo yakaishia hapo. Nilipoanza kupita na mbwa, wazee wa baraza wakawa na la kuuliza. Huyu ndiye aliyekabiliana na nguruwe dume kule Muyuni? Mguu wake umepona? Ghafla nikawa ninasimuliwa habari za baba ambazo sikuwahi kuzisikia, na wanaosimulia wanacheka.

Ukipita karibu na msitu wa Jozani na vichaka vyake, mfunge kamba. Kima punju na paa nunga wanalindwa kwa sheria, na mbwa wa msasi hajui tofauti ya paa na nguruwe. Mawe ya maweni nayo hukata, kwa hivyo mkirudi muangalie nyayo moja moja. Dakika hizo mbili za kuinamia mguu wa mnyama, kutafuta mwiba, zina utulivu ambao sijui niuelezeje.

Asubuhi epuka njia ya msikiti wakati watu wanakwenda kusali. Mtu mwenye udhu hataki kurukiwa, na una haki ya kuomboleza lakini huna haki ya kumpa jirani kero.

Mjane aliye kwenye eda

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba mpaka ajifungue. Matembezi ya shambani hayamhusu kwa muda huo. Mtu mwengine atembee na mbwa, lakini kumlisha uani kunawezekana bila kuvunja lolote.

Mama yangu kwa miaka thelathini hakumsogelea mbwa yeyote wa baba. Wiki ya pili ya eda aliniambia kutoka ndani, "Mbwa wa baba'ako hajala." Nikampelekea mbwa chakula. Siku ya pili akaniambia vile vile. Siku ya tatu nilichelewa dukani, na niliporudi nikakuta ukoko umemwagwa kwenye chombo cha mbwa kwa kata yenye mpini mrefu, na mama amesimama mlangoni, mkono umeshika kizingiti. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Kuanzia siku ile kata ile ikawa ya mbwa.

Usimsukume mjane. Usimwambie "mbwa atakusaidia". Acha pengo dogo katika ratiba, uone kama ataliziba mwenyewe.

Hatua ya tano: zungumza naye, na ulitaje jina

Watu watasema umeanza kuchanganyikiwa. Waache waseme. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, homoni ile ile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto anayemnyonyesha. Haina maana kwamba mbwa ni dawa ya huzuni. Ina maana kwamba ile nafuu unayoihisi ukikaa naye uani jioni hukuibuni.

Mbwa hakukatizi, hakulinganishi msiba wako na wa mtu mwengine, wala hakuambii kazi ya Mungu haina makosa wakati unajua hivyo tayari. Unaweza kumweleza mambo ambayo usingeyasema kwa dada yako, kwamba ulikuwa na hasira na marehemu, kwamba simu yake ya mwisho hukuipokea.

Kutaja jina kuna tahadhari. Tulipokuwa tukisema jina la baba kwa sauti, Sijali alinyanyuka na kwenda kutazama njia. Mara ya kwanza ilituvunja vipande. Hatukuacha kulitaja. Baada ya mwezi mmoja au zaidi alikuwa ananyanyua masikio tu, kisha anayalaza.

Watoto waliofiwa

Mpe mtoto kazi moja inayomwelekea, kama kubadilisha maji, na umsifu akiikumbuka. Asimguse mbwa akila au akilala, na mtoto mdogo asiachwe peke yake naye hata kama ni mbwa mpole. Mtoto asiyeweza kusema "namkumbuka baba" husema "Sijali anamkumbuka baba". Usimsahihishe.

Kama hukuachiwa mbwa, au hakufai

Usikimbilie kuchukua kitoto cha mbwa mwezi wa kwanza wa msiba. Hulia usiku, hutafuna viatu, na huhitaji mtu mwenye subira, kitu ambacho huna kwa sasa. Subiri miezi kadhaa, kisha tafuta mbwa mzima, na uwe na shamba au mifugo ya kumpa kazi. Anayeishi Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, asijidanganye.

Wengine hawamtaki mbwa kabisa, na hawana kosa. Paka ana twahara, Mtume amesema ni katika wanaotuzungukia majumbani, na paka naye ana saa zake za kudai samaki. Na mbwa mliyeachiwa, mkabidhini msasi mwenzake marehemu, mtu aliyemjua. Mwende naye mara mbili tatu kabla ya kumwacha.

Mbwa akiwa hatoshi

Zipo huzuni ambazo hata matembezi hayazifiki. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi inayotumika tangu 2022, linaihesabu kuwa ni maradhi huzuni inayodumu zaidi ya miezi 6 kwa ukali ule ule, kupita kiasi kinachojulikana katika mila na dini ya mtu, huku ikimzuia kuishi. Mtu ambaye amekonda, halali, amejifungia, au anasema angependa kumfuata marehemu, asisubiri hata hiyo miezi 6. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na Unguja ipo spitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Watu huliogopa jina hilo. Mimi nilimpeleka mtu wangu, akarudi akiwa anakula. Muda wote aliokuwa akitibiwa tulipeana zamu ya kumlisha mbwa, ili akirudi aikute kazi yake inamngoja.

Mbwa naye huzeeka

Umri wa mbwa ni miaka kumi na kidogo, na mbwa wa marehemu mara nyingi si kijana. Andika kwenye daftari tarehe za chanjo, dawa na uzito wake. Akianza kunywa maji kupita kawaida, kuchechemea au kujigonga, usiseme "uzee tu". Muandae mapema yule aliyemzoea zaidi, kwa sababu atakapokufa, msiba wa kwanza utafunguka upya, na ni bora mtu awe analijua hilo kabla.

Juzi mama alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani pana jambo kubwa. "Mwanangu," akasema, "Sijali hajala tangu jana. Njoo na daktari."

Nilikuwa nimeshavaa viatu ndipo nilipogundua kwamba hakusema mbwa wa baba'ako.